Somo la kwanza la urubani: nusu saa ndani ya ndege ndogo, Cessna 172, pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi

Weka miadi ya saa moja au mbili asubuhi. Jua likishapanda, ardhi ya Nairobi hupata joto, hewa hupanda kwa mikupuo na ndege ndogo hurushwarushwa. Anayeanza saa saba mchana huishia kupambana na kichefuchefu. Kunywa chai na mkate, kwani tumbo tupu nalo hutapisha. Vaa viatu vya soli nyembamba. Buti nzito hazihisi pedali.

1. Taja uzito wako wa kweli. Cessna 172N ikipaa haipaswi kuzidi kilo 1,043, watu na mafuta yakiwemo. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini haitoi nguvu zake zote.

2. Izunguke ndege pamoja na mwalimu, picha baadaye. Tazama hasa anapokinga mafuta chini ya mabawa kwa kikombe kinachoonyesha ndani. Petroli ya ndege, 100LL, ni ya buluu. Maji yakiwemo hutulia chini kama shanga isiyo na rangi. Ni mvuke uliogeuka matone usiku, ndani ya tangi lisilojaa. Anamwaga, anakinga tena, mpaka yatoke safi. Kikombe kizima kikikosa rangi, nusa: huenda ni maji matupu, au mafuta ya jeti. Kisha chungulia mrija mdogo chini ya bawa la kushoto. Nyigu hujenga humo, na ukiziba kipima kasi hudanganya.

3. Ardhini usukani ni miguu. Karibu kila mgeni huzungusha usukani wa mikono kana kwamba anaendesha Probox, na ndege inakwenda inakotaka. Weka mikono mapajani, visigino sakafuni. Sehemu ya juu ya pedali ni breki.

4. Kabla ya kupaa injini hupandishwa hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, kisha magneto, vifaa viwili vinavyotoa cheche za injini, hujaribiwa mojamoja. Mizunguko isishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Kipini chekundu hurudishwa nyuma kidogo kupunguza mafuta, maana hewa ni haba. Mombasa kingeachwa mbele kabisa.

5. Kipini cheusi, cha nguvu za injini, kikisukumwa hadi mwisho, pua huvutwa kushoto. Kanyaga pedali ya kulia. Pua huinuliwa kipima kasi kikisoma noti 55 (maili za baharini kwa saa), ile ile ya pwani, ila kwa hewa hii nyepesi ndege kwa kweli inakimbia juu ya lami kwa noti 60 na ushee, na njia inaliwa upesi. Panda kwa noti 70 hadi 80.

6. Mwalimu akikukabidhi ndege, atatamka hivyo, nawe rudia kwa sauti. Asiwepo anayedhani mwenzake ndiye ameshika. Shika usukani kwa dole gumba na vidole viwili, na tazama nje: upeo wa macho ukikaa kama vidole vinne juu ya dashibodi, mko sawa. Mgeni hukodolea kipima mwinuko. Kikipanda anasukuma, kikishuka anavuta, na kwa kuwa sindano huchelewa, kila sahihisho linakuwa kubwa kuliko la kwanza. Zungusha gurudumu la trimu kidogo kidogo mpaka ukiachia usukani pua isisogee.

Ukikata kona, kulaza mabawa digrii 20 kwatosha. Ongeza pedali ya upande huo huo: bawa lililoinuka huburutwa na hewa zaidi, na bila mguu pua huanza kwa kwenda upande usiotaka.

7. Kichefuchefu kikianza sema mapema, fungua tundu la hewa, tazama mbali. Kutua mwachie mwalimu, mikono na miguu uiondoe kabisa.

Mkishazima injini, mwalimu aandike muda wa somo kwenye kitabu chako cha safari, pamoja na tarehe na namba ya ndege inayoanza na 5Y, alama ya ndege za Kenya.