Kabla Hujamlipia Mtoto Tuisheni ya Hisabati, Kaa Naye na Daftari Lake

Nimefundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka 19. Kila muhula wazazi huniuliza, "Mwalimu, nimtafutie tuisheni?" Mara nyingi huwajibu: bado, kwanza jipe wiki mbili na daftari la mtoto. Wengi wakishafanya hivyo hawaniulizi tena.

Anza na makosa, ripoti iweke kando. Alama 48 haikuambii mtoto amekwama wapi. Lakini ukikuta ameandika 52 − 27 = 35, hapo pana habari. Mtoto huyo hakubahatisha. Ameona 2 ni ndogo kuliko 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Kwake kila tarakimu inasimama peke yake. Hajui kwamba ile 5 ni makumi matano. Mtu akimpa maswali 50 ya namna hiyo bila kugundua hilo, atakosa yote 50, na kosa litazidi kuota mizizi.

Kwa kosa hili mimi hutumia vijiti. Funga vifungu vitano vya vijiti kumi kumi, weka na viwili pembeni, umwambie, "Nipe 27." Atatazama vile viwili, ataona havitoshi saba. Hapo nyamaza, hata ukimya ukirefuka. Mwenyewe atafungua kifungu, atakuwa na vijiti 12, atakupa saba na vifungu viwili. Vimebaki vifungu viwili na vijiti vitano. Rudieni mara kadhaa, kisha aandike kwenye karatasi kile ambacho mikono yake imefanya. Nimeona watoto waliosumbuka na kukopa mwaka mzima wakaelewa kwa jioni mbili tatu, dakika 15 kila jioni.

Kwenye sehemu kuna kosa maarufu: 1/2 + 1/3 = 2/5. Usimkosoe haraka. Muulize, "2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Akigundua kwamba alikuwa na nusu, akaongezewa, halafu akabaki na pungufu ya nusu, atalishangaa jibu lake mwenyewe. Ndipo mkunje karatasi katika visehemu sita, ahesabu: vitatu na viwili ni vitano, yaani 5/6.

Jedwali la kuzidisha linatisha wazazi bure. Kutoka 1 × 1 hadi 10 × 10 kuna majibu 100, lakini 3 × 8 na 8 × 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo yanabaki 55. Ondoa ya 1, 2, 5 na 10, ambayo watoto wengi huyashika mapema. Yamebaki 21. Matatu kwa wiki, wiki saba umemaliza. Muulize kidogo kidogo kila siku, maana dakika 10 za kila siku hukaa kichwani kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Mwanangu mwenyewe nilimpeleka tuisheni karibu mwaka mzima, kwa sababu nilirudi nyumbani nimechoka kufundisha wa wenzangu. Daftari lake la kazi za nyumbani likawa safi, mitihani ikawa ile ile. Baadaye niligundua kwamba alikuwa akinakili 86 ubaoni kama 80. Alihitaji miwani. Tangu siku hiyo, nikiona mtoto anaelewa kwa mdomo na kukosea kwa maandishi, kwanza nauliza habari za macho.

Wapo wanaohitaji msaada wa nje kweli. Mtoto wa darasa la tano ambaye bado anahesabu 8 + 5 kwa vidole ana pengo la miaka, na mwalimu wa darasa hana muda wa kurudi huko nyuma. Aliyekosa shule kwa miezi, vivyo hivyo. Mwingine mzazi wake anaogopa hesabu: utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wa darasa la kwanza na la pili ambao wazazi wao wana hofu hiyo walijifunza hesabu pungufu kuliko wenzao pale wazazi hao walipowasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Ukijijua hivyo, si aibu kumwachia mwingine. Na anayeshindwa kulinganisha hata idadi ndogo, miaka nenda rudi, apimwe na mtaalamu. Huenda ana diskalkulia, yaani ugumu wa kudumu wa kuelewa namba na hesabu.

Ukiamua kulipa, tafuta mwalimu wa mtoto mmoja, au wawili watatu. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Marekani, alieleza faida kubwa sana za ufundishaji wa namna hiyo. Tafiti za baadaye zimeona faida ndogo kuliko alizotaja, ila faida ipo. Chumba chenye watoto 30 ni darasa jingine tu. Muulize mwalimu huyo ataanzaje. Akikwambia ataendelea na mada ya shuleni bila kumpima mtoto, tafuta mwingine.

Pangeni wiki nane. Zikiisha, mpe mtoto 403 − 158, umwambie akufundishe wewe. Akipata 245 na akaweza kueleza kwa nini aliipita 0 akaenda kukopa kwenye 4, acha kulipa.