Kioo cha Tanuri: Jifunze Kupoza Kabla ya Kuyeyusha

Kijana akija karakana yangu hapa Mji wa Kale, huanza na swali lile lile: "Fundi, tanuri hili linafika digrii ngapi?" Mimi humuuliza: linashuka vipi? Vyombo vingi tulivyopoteza hapa viliyeyuka vizuri vikapozwa vibaya. Kwa hiyo somo la kwanza ni kigae kidogo tu, sentimita 10 kwa 10, tabaka mbili za kioo cha dirisha cha milimita 3.

Hatua ya 1: Kioo cha aina moja. Mafundi wa madirisha ya alumini hubaki na vipande kila siku. Waombe, na tabaka zote mbili zitoke kwenye bamba moja. Kioo cha mlango wa gari hakifai. Kimekazwa kwa joto, ukijaribu kukikata kinasambaratika chengachenga. Wala usichanganye dirisha na chupa, kwa kuwa kila kioo kikipoa husinyaa kwa kipimo chake. Mwanafunzi wangu mmoja alipanga vipande vya chupa ya kijani juu ya kioo cha dirisha. Sahani ikatoka inang'aa, tukaishangilia. Siku ya tatu ikiwa mezani, haijaguswa na mtu, tukasikia "ta!" Vipande viwili. Iliniuma, kwa sababu nilimwona akivipanga nikanyamaza.

Hatua ya 2: Kata na uoshe. Vaa miwani na viatu vya kufunika. Pitisha gurudumu la kukatia mara moja tu, toka ukingo hadi ukingo. Ukirudia mchoro utaharibu kioo na gurudumu. Osha kwa sabuni, ukaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Alama ya kidole ikiungua haitoki tena.

Hatua ya 3: Paka rafu ya tanuri. Bila dawa ya kuizuia, kioo kitagandana na rafu. Koroga unga wa alumina (oksidi ya alumini, si alumini yenyewe) na udongo mweupe wa kaolini kwa maji hadi uwe mwepesi kama maziwa, upake mikono minne au mitano kwa brashi laini. Vaa barakoa, vumbi lile si la kuvuta. Wakati wa masika rafu haikauki kwa upepo, hivyo mimi huitia tanurini kwa digrii 250 kwa nusu saa, nikaiacha ipoe ndipo nipange kioo.

Hatua ya 4: Uchomaji. Hapa keti na daftari. Panda digrii 150 kwa saa hadi 550. Ukiharakisha, kioo hupasuka kabla hata hakijalainika. Endelea hadi 650, utulie nusu saa ili hewa iliyo kati ya tabaka itoke, la sivyo utapata mapovu. Kuanzia hapo kimbia hadi 820, ushikilie dakika 10. Kwenye digrii za 700 na kitu kioo kikikawia huota ukungu mweupe usoni, ndiyo maana hatukai hapo, kupanda wala kushuka.

Sasa acha tanuri lishuke lenyewe hadi 550, mlango ukiwa umefungwa. Shikilia saa nzima. Kwa macho hakuna kinachotokea, lakini ndani kioo kinalegea, na mkazo uliojengeka kati ya uso na kiini unaondoka. Kisha shusha digrii 60 kwa saa hadi 400, halafu zima. Usifungue mpaka asubuhi. Nawajua wanafunzi, mkono huwawasha. Basi ufunguo hulala kwangu.

Umeme ukikatika wakati wa kupanda, acha lipoe polepole, uanze upya kesho. Ukikatika wakati wa kupoa, usiguse mlango. Kuta za tanuri nene zitakusaidia zaidi kuliko wewe.

Hatua ya 5: Kagua. Chukua lenzi mbili za miwani ya jua ya polaroidi, uzipandanishe na kuizungusha moja mpaka giza liingie, kisha weka kigae katikati na umulike kwa taa kutoka nyuma. Kikibaki giza, kimepoa sawasawa. Ukiona mwanga mweupe pembeni, bado kina mkazo. Kirudishe tanurini, kipandishe taratibu hadi 550, na safari hii mwache mwanafunzi mwenyewe aandike ratiba ya kushuka.