Kitabu cha mwongozo wa kisiwani usinunue kwa picha

Picha za minazi achana nazo, kila kitabu kinazo. Anza na mwaka wa toleo, maana taarifa huwa zimekusanywa miezi mingi kabla ya kuchapwa so bei zote we ongeza kidogo kichwani. Mi huwa nafungua sehemu ya boti na mvua moja kwa moja, kama mwandishi kaandika tu hali ya hewa nzuri mwaka mzima nakirudisha, huyo hajawahi kukwama bahari ikichafuka. Aseme pia ufukwe upi hauogeleki maji yakipwa, unabaki kukanyaga matumbawe na mwani. Ramani iwe inasomeka bila intaneti. Na kama unaenda kisiwa kimoja, kitabu cha nchi nzima cha nini jamani, utabeba kurasa mia nne usome kumi.