Jinsi ya kuchagua tunda lililoiva na lenye ladha: uzito na harufu kwanza, rangi baadaye

Kazi yangu ni kutengeneza juisi, na juisi haifichi tunda baya. Chungwa kavu au nanasi lililokatwa kabla ya wakati mnywaji hulijua kwenye fundo la kwanza. Ndiyo maana sichagui kwa macho peke yake. Huu ndio utaratibu ninaoufuata kila ninaponunua, na unafaa hata kama unataka embe moja tu la kula baada ya chakula.

Hatua ya 1: Jua kama tunda bado lina safari

Kabla ya kugusa chochote, jiulize: tunda hili litaendelea kuiva, au lilipochumwa ndipo lilipoishia?

Ndizi, embe, parachichi, papai, pera, tufaha, stafeli na pasheni huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoyasukuma kulainika na kubadilika rangi. Kwenye ndizi na embe, wanga hugeuka sukari wakati huohuo. Parachichi ndilo la ajabu zaidi: likiwa mtini hukomaa tu, haliwi laini mpaka lichumwe. Matunda ya kundi hili unaweza kuyanunua yakiwa magumu, mradi yawe yamekomaa. Yaliyochumwa machanga yatanyauka au kuoza, lakini ladha hayataipata.

Chungwa, chenza, ndimu, nanasi, tikiti maji, zabibu, stroberi na komamanga ni kundi jingine. Utamu yaliokuwa nao siku ya kuchumwa ndio utakaoula. Nanasi linaweza kugeuka manjano na kulainika likiwa mezani kwako, ila halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari. Muuzaji akikwambia "liweke siku mbili litakuwa tamu", shukuru, kisha chukua jingine.

Hatua ya 2: Linyanyue

Chukua matunda mawili yanayolingana ukubwa, moja kila mkono. Zito zaidi ndilo lenye maji mengi. Kwa machungwa, matikiti, mananasi, komamanga na pasheni, sijui kipimo kinachoshinda hiki. Chungwa kubwa lililo jepesi mara nyingi ni ganda nene na nyama iliyokauka.

Pasheni yenye makunyanzi usiipite. Makunyanzi yanaonyesha imeiva na ukali umepungua. Inyanyue tu: ikiwa bado nzito, imejaa, ikiwa nyepesi kama ganda tupu, iache.

Hatua ya 3: Nusa penye kikonyo

Embe, pera na tikiti dogo lenye harufu vinuse pale kikonyo kilipokuwa. Nanasi ligeuze, ulinuse kitakoni, kwa sababu huanza kuiva kutokea chini na huko ndiko utamu unakokuwa mwingi. Harufu nzuri inayokufikia bila kuitafuta ni dalili njema. Harufu ya kuchachuka, inayokaribia pombe, maana yake umechelewa.

Tunda lililotoka kwenye jokofu halinuki vizuri hata likiwa zuri. Hapo tegemea uzito.

Hatua ya 4: Tazama rangi, lakini usiiamini haraka

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wekundu wa shavu la embe huletwa na jua na aina ya mwembe, si kuiva. Tazama rangi iliyo chini ya wekundu huo: je, kijani kinafifia kuelekea manjano? Kisha tazama mabega. Embe lililokomaa hujaa karibu na kikonyo, mabega yakapanda. Changa huwa limebonyea na jembamba.

Machungwa nayo yanaonewa sana. Sehemu ambazo usiku hauwi wa baridi, ganda hubaki na kijani chake ingawa ndani ni tamu kabisa. Chungwa la kijani, zito, lenye ganda laini, mimi hulichukua bila kusita.

Tikiti maji ligeuze utafute doa lilipolalia ardhi. Doa la manjano au rangi ya maziwa mazito linaonyesha lilikaa shambani hadi likakomaa. Doa jeupe au la kijani hafifu linaonyesha liliharakishwa. Ganda lililofifia ni bora kuliko linalong'aa. Kuligonga kunasaidia, kwani lililoiva hutoa sauti nzito, lakini doa ndilo ninaloliamini.

Papai lianze kuonyesha michirizi ya manjano. La kijani tupu huenda lisiwe tamu kamwe.

Jihadhari na maembe au ndizi za manjano zinazofanana zote kama zimepakwa rangi, hazina harufu, na ndani ni ngumu. Huenda zimevundikwa kwa kalsiamu kabaidi. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini, inayobadilisha ganda haraka kuliko nyama. Kabaidi ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na nchi nyingi zimeipiga marufuku kwenye matunda. Hapa sina msamaha: siyanunui.

Hatua ya 5: Pima kwa kiganja

Usibonyeze kwa kidole gumba. Unaacha jeraha ambalo kesho litakuwa jeusi, na mwenzako ndiye atakayelinunua. Lishike tunda kiganjani, ulikumbatie kwa vidole vyote, usukume kidogo. Parachichi likilegea kidogo, linaliwa leo. Usiling'oe kile kikonyo ili kuchungulia, maana hapo unafungua mlango wa kuoza.

Hatua ya 6: Malizia kazi nyumbani

Matunda yenye safari yavundike kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Ethilini yake itayaharakisha. Mfuko wa plastiki uliofungwa hukusanya unyevu na ukungu. Usiyatie kwenye jokofu kabla hayajaiva: ndizi mbichi ikikaa chini ya nyuzi 13 hivi za Selisiasi, ganda huwa jeusi na haiivi vizuri tena. Yakishaiva, jokofu litayachelewesha siku kadhaa. Zabibu na stroberi ziingie humo moja kwa moja, na uzioshe wakati wa kula tu.

Ukinunua maparachichi au maembe ya wiki nzima, changanya: machache ya kula leo, machache yanayoanza kulegea, na yaliyobaki yawe magumu yenye mabega yaliyojaa. Kila asubuhi yapime kwa kiganja, na lililofika liondoe mfukoni kabla halijayavuta mengine.