Fangasi wanaorudi rudi kwenye mikunjo: kausha kwanza

Hii nimepewa na daktari wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya India, nikiwa nishachoka kupaka krimu wanaisha wiki mbili halafu hao tena palepale. Ukitoka kuoga usikimbilie nguo, jifute kwa kugandamiza taulo (usisugue), kisha simama mbele ya feni dakika 5, inua matiti, achanisha mapaja na vidole vya miguu, mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole usisikie ule ubaridi wa unyevu, ndo uvae pamba isiyobana. Wao wanasema kapha imezidi, yani uzito na majimaji, inatibiwa kwa ukavu; mi najua tu kandida, yani huyo fangasi mwenyewe, anapenda joto na unyevu, ukimnyima hana raha. Ukiwa na mwarobaini chemsha majani, yapoe, nawia ngozi ya nje tu, kisha kausha vilevile. Ukeni usiingize kitu, si mwarobaini si kitunguu saumu, utajiunguza bure. Na krimu ya hospitali maliza dozi, hata muwasho ukiisha siku ya tatu.

Inapogoma: sukari ikiwa juu utakausha mpaka uchoke, na ukitoka kutumia antibayotiki pia wanaweza kurudi tu. Wakirudi mara 3 au zaidi ndani ya mwaka kapime sukari na VVU, na omba wachukue sampuli, kuna aina ya kandida kama Candida glabrata ambayo flukonazole, dawa ya fangasi ya kumeza, mara nyingi haiimalizi.