Kubatilisha Kadi na Kuweka Vihesabio katika Magic: The Gathering

Wengi ninaowafundisha mchezo huu wa kadi hapa Nairobi huja mezani wakiwa wamezoea karata za mtaani, ambamo A huzuia adhabu ya kuokota kadi, na mazoea hayo huwafikisha nusu ya njia.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mambo mawili ambayo Kiingereza huyaita kwa neno moja, “counter”. Kihesabio ni alama inayowekwa juu ya kadi iliyokwisha kuingia mchezoni. Sisi hutumia vizibo vya soda. Kiumbe cha 2/2 (nguvu 2 za kushambulia, uimara 2) kikipewa kihesabio cha +1/+1 huwa 3/3, na kikiongezewa cha -1/-1, vihesabio hivyo viwili huondolewa pamoja. Kubatilisha ni kuizuia kadi isitimie, na hapo ndipo wengi hukwama.

Hatua ya pili ni kulielewa rundo, utaratibu ulioingizwa katika kanuni mwaka 1999. Kadi ya kiumbe au ya uchawi haitimii papo hapo inapochezwa, bali hukaa kwenye rundo mpaka wachezaji wote wapitishe nafasi yao ya kujibu mfululizo, ndipo kadi ya juu kabisa, yaani iliyochezwa mwisho, inapotimia kwanza. Tuseme mpinzani amecheza kiumbe, nawe ukajibu kwa Counterspell, kadi ya kubatilisha, naye akaijibu Counterspell yako kwa Negate, kadi nyingine ya kubatilisha. Negate hutimia kwanza, Counterspell huenda makaburini, yaani kwenye fungu la kadi zilizokwisha kutumika, na kiumbe huingia salama, isipokuwa kama una jibu jingine mkononi. Mana uliyolipa, yaani nguvu zinazotolewa na kadi za ardhi ili kulipia kadi nyingine, hairudishwi, na hilo huwauma wanaoanza kuliko kushindwa kwenyewe.

Hatua ya tatu ni kujiwekea akiba. Counterspell hugharimu mana mbili za buluu, kwa hiyo usizilaze kadi zako zote za ardhi, yaani usizitumie zote kutoa mana, katika zamu yako. Acha mbili za kutoa buluu zikiwa wima. Mpinzani mzoefu atazitazama na kusita hata kama mkononi huna kitu, nami nimeponea hivyo mara nyingi.

Hatimaye, jua mipaka ya silaha yako. Kadi ya ardhi haipiti kwenye rundo, kwa hiyo haibatilishwi. Uwezo wa kadi iliyo mezani mara nyingi hupita humo, lakini Counterspell haiugusi. Kiumbe kilichokwisha kuingia nacho kimekuponyoka, hivyo sema “nina jibu” kabla mpinzani hajakiweka mezani na kuendelea na zamu yake.