Hati imekwama? Jinsi ya kusubiri nyumba bila kupoteza hela (kutoka Moshi)

Nimemaliza kumsaidia mdogo wangu kununua nyumba Soweto hapa Moshi. Tulijua ni mwezi mmoja, ikaenda miezi 11, na katikati alilia mara nyingi. Naandika ili wewe usilie.

Hatua ya 1: Usiage kwenye nyumba unayopanga
Mdogo wangu alimwambia mwenye nyumba wake anaondoka mwisho wa mwezi, chumba kikapata mtu, akabaki na vyombo sebuleni kwangu. Kodi ikiisha omba kulipa mwezi mwezi hata kama ni ghali kidogo, na usiage mpaka hati isome jina lako.

Hatua ya 2: Upekuzi (kukagua kumbukumbu za hati)
Nenda ofisi ya ardhi na kopi ya hati, lipia kwa control namba, subiri majibu. Angalia jina, rehani na zuio (pingamizi lililoandikishwa ili nyumba isihamishwe). Rudia tena kabla ya malipo ya mwisho maana zuio linaweza kuingia katikati.

Hatua ya 3: Hati ina jina la marehemu
Hapa ndipo miezi yetu ilipoishia. Muuzaji alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu, ana muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za wazee wote, akaamini yeye ndiye mwenye kuuza, na sisi tukaamini. Ule muhtasari peke yake hauuzi nyumba. Lazima mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi, halafu uteuzi ule upelekwe ardhi aandikishwe kwenye hati kama msimamizi, ndipo aweze kukuhamishia wewe. Ni safari mbili za ofisi kabla hata faili lako halijaanza, na watu wengi wanairuka ile ya pili wanakuja kurudishwa dirishani.

Halafu majina. Kwenye hati mzee aliandikwa jina la ubatizo na la baba yake, kwenye cheti cha kifo kuna jina la ukoo, faili likarudi. Wakili akaandaa kiapo kwamba ni mtu mmoja, ila wiki zilishapita. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa weka hati, cheti cha kifo na barua ya uteuzi mezani usome herufi kwa herufi.

Na warithi jamani, maana tulihitaji sahihi zao za kukubali. Mmoja alikuwa Mwanza, mwingine hapokei simu, na mama mjane anaishi humo humo ndani. Ongea na yule mama mwenyewe, kaa naye, usitegemee kuambiwa "mama hana shida", maana yeye ndiye anayehama na akipinga mahakamani ana haki yake. Sahihi zilizobaki tulizipata Desemba watu wote walipopanda nyumbani Kilimanjaro. Kama kwenu imefika Oktoba, panga kikao cha Desemba sasa hivi, usihangaike kutuma karatasi kwa basi.

Kama muuzaji yuko hai na ana mke au mume, dai ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Hiyo haina mjadala.

Hatua ya 4: Hela ifuate karatasi
Sisi tulitoa 10% kwenye mkataba, sehemu nyingine msimamizi alipoandikishwa kwenye hati, iliyobaki wakati wa uhamisho. Mkataba useme tarehe ya mwisho, na ikipita hela inarudi ndani ya siku ngapi. Lipa kwa benki, kesh hapana. Chukua wakili wako mwenyewe, sio wa muuzaji na sio ndugu yake dalali, hapo sibadiliki. Andikeni pia nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji (ya faida anayopata kwa kuuza) ni ya muuzaji, na kodi ya pango la ardhi ikiwa na deni uhamisho hauendi.

Hatua ya 5: Kufuatilia
Usiulize "imefikia wapi", utajibiwa "bado". Uliza faili liko meza ya nani na linakosa nini. Andika kwenye daftari tarehe na jibu. Mimi nilienda kila Jumanne asubuhi, na mara mbili nilikuta faili linasubiri kopi moja tu ambayo hakuna aliyetupigia kutuambia.

Siku ya kuchukua hati soma jina lako, namba ya kiwanja na kitalu pale pale kaunta kabla hujasaini.